Benki isiyotoza riba: Akiba yake ni unga na maharagwe

Msomaji, ukipita katika soko la Wakulima jijini Nairobi jioni, tazama nyanya na kabichi zilizomwagwa kando ya njia. Si mbali na hapo kuna mama asiyejua wanawe watalala wamekula nini. Chakula kipo, mwenye njaa yupo, lakini hakuna wa kuwakutanisha.

Jambo hilo ndilo lililomkera Bw John van Hengel wa mji wa Phoenix, Marekani, aliyekuwa akijitolea katika jiko la kuwalisha maskini. Siku moja alikutana na mama wa watoto wengi aliyewalisha kwa vyakula vilivyotupwa na duka. Mama huyo alimwambia kuwa pangefaa pawe na mahali pa kuweka chakula kama pesa benki, na mwenye shida aende akachukue.

Van Hengel alilipeleka wazo hilo katika parokia ya St Mary's, akapewa dola 3,000 na jengo kuukuu la kuokea mikate. Hivyo ndivyo benki ya chakula ilivyozaliwa mwaka wa 1967. Katika mwaka wake wa kwanza iligawa zaidi ya kilo 120,000.

Je, benki hii huendeshwaje? Maduka, viwanda na wakulima hutoa vyakula salama ambavyo haviuziki: mkebe uliobonyea au machungwa yasiyovutia macho. Wenyeji hujitolea kuvikagua, kuvipanga na kuvipakia. Makanisa na vikundi vya mitaani, vinavyozijua nyumba zenye dhiki, huvigawa. Wenyeji wakikosa kujitokeza, chakula huozea ghalani. Leo Marekani ina takriban benki 200 za aina hii.

Usidhani Wakenya hawawezi. Wakati wa ukame wa 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kuchanga Sh500 milioni kwa mwezi mmoja. Wananchi walituma walichokuwa nacho kwa simu, hata shilingi kumi, na lengo likapitwa. Lakini mchango wa janga ni mvua ya siku moja. Benki ya chakula ni kisima.

Basi anza nyumbani. Kabla hujatupa, fikiria jirani. Shuleni au mtaani mwenu, wekeni kikapu ambamo kila mmoja atatia kibaba cha maharagwe kila wiki. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenye shibe asipomkumbuka mwenye njaa leo, kesho huenda zamu ikawa yake.