Mzee Jengua na Kazi ya Kumbeba Steringi

Makambako nilikokulia, ukiingia kibanda umiza wakati picha imeshaanza, swali la kwanza ni "steringi nani?" Ukishamjua, unajua nani hafi. Waliobaki wote ni "wale." Mzee Jengua alikuwa kwenye "wale."

Jina lake ni Mohamed Fungafunga. Wengi tulimfahamu kupitia Kaole Sanaa Group, kundi lililokuwa likionyesha michezo yake ITV. Humo ndimo walimopitia Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray. Hao wakapanda, sura zao zikajaa kwenye makava ya CD. Jengua akabaki baba: baba mkali, mara nyingi mwenye hela, asiyetaka hata kumsikia mchumba wa binti yake. Alifariki Desemba 2020.

Kwenye fasihi, watu kama yeye tunawaita wahusika wasaidizi, au wahusika wajenzi. Mimi nalipenda hilo la pili. Michezo mingi ya wakati ule haikuwa na maandishi kamili ya kukariri. Waigizaji walipewa kisa tu: binti ana mchumba, baba hamtaki. Maneno wakayatafuta wenyewe. Sasa fikiria wewe ndiye steringi, kijana mgeni kwenye fani, kamera imeshawashwa na maneno yamekuishia. Nani atakuokoa? Yule mzee aliyekaa kwenye kochi. Akikuuliza kwenu wapi, umepata la kujibu. Akinyamaza akakukazia macho, ile hofu usoni kwako huna haja hata ya kuiigiza, na watu watasema kijana anajua.

Tulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha Njombe, kidato cha tatu waliandaa igizo. Vijana saba waligombea usteringi, wa kuwa baba akakosekana. Mwishowe akakubali mmoja mpole wa dawati la nyuma. Akaazima koti (Njombe makoti hayakosi), akakaa, akakohoa mara moja. Darasa likatulia kimya. Na steringi, ambaye wiki nzima alikuwa anachekacheka tu, siku hiyo ndiyo akaanza kuigiza.

Tatizo ni hela. Kwa kawaida msaidizi alilipwa siku zake za kazi, basi. CD ikitoka Dar, ikashushwa stendi ya Makambako, ikaonyeshwa kibandani kwa kiingilio mpaka ikakwaruzika, yeye hakuwa na chake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji pia, siyo mtunzi peke yake. Lakini makubaliano mengi yalikuwa ya mdomo. Wenzetu wa Sheria mnaohangaika na mada za utafiti, hii hapa bure kabisa: mzee aliyeonekana dakika kumi kwenye filamu inayorudiwa mpaka leo, familia yake ikadai kwa nani, na kwa karatasi gani?