Mzee Akibadilika Ghafla, Usiseme ni Uzee

Juzi babu alikula vizuri, akaulizia shamba na kutaniana na wajukuu. Leo hajui yuko wapi, anamwita bintiye kwa jina la dada yake marehemu, na usiku kucha anaweweseka. Wapo watakaosema ni uzee, wapo watakaosema karogwa. Muuguzi anayeijua kazi yake huuliza kwanza: hali hii imeanza lini?

Jibu husaidia kutenganisha magonjwa mawili yanayofanana. Dimenshia, yaani ugonjwa wa usahaulifu, kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, huzuka kwa saa au siku chache, tena hupanda na kushuka: asubuhi mzee ana nafuu, jioni hajitambui. Dalili yake kuu ni kushindwa kutuliza mawazo. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume, naye atapotea njiani, ilhali wiki iliyopita angeweza.

Ugumu ni kwamba mara nyingi magonjwa haya humkuta mtu mmoja. Mwenye dimenshia ndiye aliye katika hatari kubwa ya kupata deliriamu, na kwa kuwa alikwishazoeleka kusahau, mabadiliko mapya hayashtui mtu. Pia si kila mwenye deliriamu hupiga kelele. Wengine hunyamaza, husinzia na kukataa chakula, na wodi nzima huwaona wagonjwa wapole. Hao ndio wanaosahaulika zaidi.

Deliriamu ina chanzo, na kazi ya kwanza ni kukitafuta. Pima joto, oksijeni na sukari, hasa kwa mgonjwa wa kisukari aliyemeza dawa bila kula. Chunguza malaria, nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo. Uliza mara ya mwisho alipata choo lini, anakojoa, anakunywa maji ya kutosha, ana maumivu? Kisha angalia dawa zote, pamoja na zile zilizonunuliwa duka la dawa: diazepamu ya usingizi, au dawa ya mafua kama klorofeniramini, zinaweza kumvuruga akili mzee.

Wakati tiba ya chanzo ikiendelea, uuguzi wenyewe ni dawa. Mvalishe miwani yake. Mkaribie kwa mbele, mwamkie kwa heshima, mtajie jina lako, mahali alipo na kama ni asubuhi au jioni. Fungua madirisha mchana, punguza taa na kelele usiku. Mpe maji mara kwa mara, mwinue akae, mtembeze akiweza. Mpira wa mkojo usiohitajika utolewe. Akisema anamngoja mama yake, usibishane naye. Mwulize habari za mama huyo, umtulize. Kumfunga kitandani huzidisha hofu na vurugu, na huweza kumjeruhi.

Mambo haya madogo yamepimwa. Mwaka 1999, Sharon Inouye na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika hospitali moja ya Marekani. Waliopata matunzo ya namna hii, deliriamu iliwapata asilimia 9.9, waliopata huduma ya kawaida, asilimia 15. Hakukuwa na dawa mpya. Kulikuwa na maji, usingizi, mazoezi na mazungumzo.

Ndugu anayemuuguza mzee ana sehemu kubwa hapa, kwa sababu ndiye anayejua jana alikuwaje. Muuguzi amsikilize, na kila inapowezekana amruhusu akae karibu, hasa usiku. Nawe ndugu, ukiona mzee wako amebadilika ndani ya siku moja au mbili, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ubebe dawa zake zote, na useme wazi: “Hivi sivyo alivyo.”