Mzigo Upo Barabarani: Jinsi ya Kujua Mlango wa Gari Umefunguliwa Wapi

Ukishapakia viazi Uporoto, nyanya Ilula au parachichi Rungwe, mzigo unaanza safari ya Dar. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kutoka Iringa ni kama 500, na mara nyingi wewe haupo kwenye gari. Mzigo ukifika pungufu, maneno yanaanza: dereva anasema alipakia hivyo, dalali anasema alipokea hivyo. Hapo anayeumia ni mkulima, au dereva anayebebeshwa kosa lisilo lake.

Siku hizi magari mengi ya mizigo yamefungwa GPS. Tuone inavyoweza kukusaidia.

Inafanyaje kazi?

Kifaa kinapata mahali gari lilipo kupitia satelaiti, halafu kinatuma taarifa kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Kwenye mlango wa bodi inafungwa swichi ya sumaku: kipande kimoja mlangoni, kingine kwenye fremu. Vipande vikiachana, kifaa kinaandika saa, mahali, na kama injini inawaka au imezimwa. Mwenye gari anapata meseji.

Sio jambo geni nchini. TRA inatumia lakiri za kielektroniki kwenye mizigo inayopita kwenda nchi jirani, na LATRA inafuatilia mwendo wa mabasi kwa vifaa vya namna hii.

Namna ya kusoma taarifa

Mlango kufunguliwa sio lazima iwe wizi. Gari linaweza kukaguliwa njiani. Angalia vitu vitatu kwa pamoja: mahali, muda na injini. Dakika mbili mchana kwenye mizani ya Makambako sio sawa na dakika 25 saa nane usiku, injini imezimwa, sehemu ambayo gari halikupangiwa kusimama. Hata hapo, muulize dereva kwanza, usianze kumshtaki.

Kwa gari la baridi la parachichi kuna faida nyingine. Kila mlango unapokaa wazi, joto linaingia na tunda linaanza kuharakisha kuiva.

Usichokitegemee

1. Fuso la turubai halina mlango wa mzigo. Swichi ikiwa kwenye mlango wa dereva, itakuambia ameshuka tu, basi. Turubai likifunguliwa haitajua.
2. Kwenye milima na mapori mtandao unakatika. Kifaa kizuri kinatunza kumbukumbu na kuituma baadaye. Kwa hiyo soma saa ya tukio, sio saa meseji ilipoingia.
3. Waya wa betri unaweza kukatwa. Uliza kama kifaa kina betri yake ya ndani na kama kinatoa taarifa umeme ukikatwa.
4. Kifaa hakihesabu magunia. Hesabu mwenyewe wakati wa kupakia, andika idadi, wewe na dereva msaini, kila mmoja abaki na nakala. Kama bodi ina mlango, weka lakiri yenye namba na uiandike kwenye karatasi hiyohiyo.

Kabla ya kupakia

Huna haja ya kununua kifaa. Kikundi au AMCOS yenu imuulize msafirishaji: GPS ipo? Swichi ipo kwenye mlango upi? Mzigo ukipungua, mtaonyeshwa kumbukumbu ya safari nzima? Akikubali, iandikwe kwenye makubaliano.

Dereva naye aambiwe mapema kwamba safari inarekodiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa hizi ni za kufuatilia mzigo, sio za kusambaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Dereva mwaminifu hatakuwa na shida nayo. Siku mzigo ukipungua sokoni, kumbukumbu inayoonyesha mlango haukufunguliwa njiani ndiyo itakayomtetea, na nyie mtajua pa kuanzia kuuliza.