Kupima Uunganishaji Bidhaa Ingali Mchoro
Bidhaa ikiwa ngumu kuunganishwa, aghalabu hulaumiwa fundi wa kiwandani, ilhali kosa huwa la mchoro. Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst, waliotunukiwa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani mwaka 1991, waliihoji kila sehemu: je, husogea nyingine zikitulia? Ni lazima iwe ya malighafi tofauti? Isipotengwa, nyingine haziwezi kuingia mahali pake? Isiyokidhi sharti lolote yafaa kufanywa kitu kimoja na jirani yake. Parafujo, maskini, hushindwa mara nyingi. Sehemu za lazima zikiwa 4, kila moja ikikadiriwa sekunde 3, na kazi nzima ikichukua sekunde 60, ufanisi ni asilimia 20. Hata hivyo, kipimo hiki hakimwulizi fundi wa matengenezo, ambaye parafujo humfungulia kifaa kilichoharibika, ilhali vibanio vya plastiki humvunjikia mkononi.