Bonde la Ufa Lilitambuliwa Maktabani

Mtu asimamaye ukingoni karibu na Kijabe, akautazama mlima Longonot uliosimama bondeni, huliona Bonde la Ufa wazi kabisa. Huenda akadhani ya kuwa asili ya bonde hilo ilielezwa kwanza na mtu aliyesimama mahali kama hapo. Sivyo. Aliyeonyesha kwanza kwamba mabonde ya Afrika Mashariki ni sehemu za ufa mmoja mrefu alikuwa Eduard Suess, profesa wa elimu ya miamba, yaani jiolojia, katika Chuo Kikuu cha Vienna, nchi ya Austria. Naye hakufika huku hata mara moja. Alilitambua bonde akiwa mezani pake, mbele ya vitabu na ramani.

Mwaka 1887 Count Samuel Teleki na Luteni Ludwig von Höhnel walitoka Pangani na wapagazi wengi. Walipita Kilimanjaro na Baringo, na Machi 1888 wakalifikia ziwa kubwa ambalo leo huitwa Turkana. Höhnel alipima njia, akachora ramani, na kuchukua vipande vya mawe ambavyo baadaye vilichunguzwa na wataalamu mjini Vienna. Suess akailinganisha kazi hiyo na habari za wasafiri wengine waliokwisha kuandika juu ya Bahari ya Shamu, Ethiopia na Nyasa. Mwaka 1891 akatoa maelezo yake: tangu nchi ya Shamu hata Nyasa ardhi ilivutwa huku na huku, ikapasuka, na kipande cha katikati kikatitia.

Mwaka 1893 J. W. Gregory, mtaalamu kutoka London aliyekuwa ameyasoma maandiko hayo, alikuja mwenyewe mpaka Baringo kuyachunguza magenge. Kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina la Bonde la Ufa ulimwenguni.

Hapo ndipo ionekanapo kazi ya maktaba ya elimu ya miamba. Vitabu vya kufundishia ni sehemu yake ndogo tu. Kwanza hutakiwa ramani, nazo hulazwa katika makabati mapana bila kukunjwa, kwa maana karatasi iliyokunjwa hukatika penye mikunjo. Pili, ripoti za serikali za upimaji wa miamba. Hizo huchapwa chache, wala hazipatikani kwa urahisi madukani. Kwa hiyo tangu zamani vyuo vimezipata kwa kubadilishana, hiki kikituma chapisho lake na kile kikirudisha lake. Chuo kisichokuwa na cha kutuma hupata taabu ya kupokea. Tatu, majarida, toleo kwa toleo, pasipo kuruka. Nne, daftari za wapimaji, tasnifu za wanafunzi, na kumbukumbu za visima.

Wengine huuliza, ya nini kutunza karatasi za kale? Jibu ni kwamba ripoti ya miamba haizeeki upesi kama vitabu vya elimu nyingine. Maelezo yaweza kubadilika. Hata yale ya Suess yamerekebishwa, maana siku hizi wataalamu husema kwamba gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole. Lakini jiwe lililoandikwa mahali pake mwaka 1888 li pale pale. Na kama pamejengwa mji juu yake, au maji yamepafunika, ile ripoti ndiyo jicho la pekee lililobaki.

Hata kazi iliyoshindikana yafaa kuandikwa. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima viwili vya kutafuta mvuke vilichimbwa katika miaka ya 1950, visitoe mvuke wa kutosha, na kazi ikaachwa. Katika miaka ya 1970 ilianzwa tena, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukatoa umeme. Kisima kikavu chenye kumbukumbu humwambia mchimbaji wa pili kina kilichofikiwa na mawe yaliyopatikana. Kisicho na kumbukumbu humwacha arudie gharama ile ile.

Ndiyo sababu chuo kikuu cha nchi, kama kile cha Nairobi kilichopata cheo hicho mwaka 1970, hakiwezi kutosheka na vitabu vinunuliwavyo ng'ambo. Habari za ardhi ya nchi hazianzii ng'ambo. Huanzia kwa mkulima achimbaye kisima na kuandika kina chake na aina za udongo, na kwa karani atunzaye jalada la kisima hicho. Karani huyo akiambiwa asafishe stoo, yafaa kwanza aulize kama maktaba inazihitaji karatasi hizo, kabla ya kuwasha moto. Akiba haiozi.