Sistimu Inapokawia Kliniki: Mipangilio ya Hifadhidata na Foleni ya Wagonjwa

Mgonjwa anapofika dirisha la usajili katika kituo cha afya kinachotumia rekodi za kompyuta, karani huandika jina au nambari yake, kisha wote wawili husubiri. Siku nyingine jibu huja papo hapo. Siku nyingine, hasa asubuhi ya kliniki, kompyuta hukaa kimya, foleni hufika mlangoni na wanaongoja huambiwa, "Netiweki iko chini."

Mara nyingi netiweki husingiziwa bure. Pale ambapo seva iko ndani ya jengo la kituo, kutafuta faili la mgonjwa hakupitii intaneti. Kuchelewa kunaweza kuanzia kwenye hifadhidata yenyewe, kwa sababu mipangilio yake iliachwa jinsi ilivyokuja siku ya kuwekwa.

Rekodi hukaa wapi

KenyaEMR ni programu ya rekodi za wagonjwa inayotumika katika vituo vingi vya umma nchini, hasa kliniki za huduma za VVU. Imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret mwaka 2006. Rekodi zenyewe hutunzwa na hifadhidata iitwayo MySQL.

Kila kipimo cha uzani, jibu la maabara au dawa huandikwa kwenye mstari wake. Kwa mfano, kliniki yenye wagonjwa 3,000 wanaofika mara 4 kwa mwaka, kila ziara ikiacha mistari 30, hupata mistari 360,000 kwa mwaka. Baada ya miaka 10 mistari ni 3,600,000. Sistimu iliyokuwa nyepesi mwaka wa kwanza sasa imebeba mzigo mwingine kabisa.

Njia huchaguliwaje

Karani akiuliza faili, hifadhidata ina njia mbili kuu. Inaweza kupitia faharasa, kama mtu anayefungua rejista iliyopangwa kwa herufi, au inaweza kusoma mistari yote tangu mwanzo. Sehemu inayochagua huitwa kipangaji. Hukadiria gharama ya kila njia na kufuata iliyo nafuu.

Kipangaji ni kama mwendesha boda anayetoka Shinyalu kwenda mjini Kakamega. Huamua njia kwa habari alizo nazo. Akiambiwa barabara imefungwa ilhali ilifunguliwa juzi, atazunguka bure na abiria atachelewa. Mipangilio ndiyo inayompa kipangaji habari na nafasi ya kufanyia kazi.

Mipangilio inayoleta tofauti

Wa kwanza ni kumbukumbu ya pamoja, yaani nafasi ya kuweka karibu rekodi zinazoulizwa mara kwa mara. MySQL huja ikiwa na megabaiti 128 tu kwa kazi hiyo. Seva yenye gigabaiti 16 ikiachwa hivyo, sehemu kubwa ya kumbukumbu yake haisaidii hifadhidata, ambayo hurudi kusoma kwenye diski tena na tena. Mashine inayofanya kazi ya hifadhidata pekee inaweza kupewa hadi asilimia 80. Lakini seva ya kituo mara nyingi huendesha pia KenyaEMR yenyewe. Hifadhidata ikipewa asilimia 80 hapo, programu hubanwa na kila kitu hukwama. Fungu hupimwa kwa kuangalia kazi zote za mashine.

Wa pili ni kumbukumbu ya kupanga orodha, ambayo hutolewa kwa kila mtumiaji. Huanza na kilobaiti 256. Mtu akiipandisha hadi megabaiti 64 ili ripoti ya mwezi iende haraka, watumiaji 50 wakipanga orodha kwa pamoja wanaweza kudai megabaiti 3,200. Kinachomsaidia mmoja kinaweza kuwaangusha wote.

Wa tatu ni takwimu ambazo kipangaji hutegemea. MySQL huzihesabu upya yenyewe baada ya zaidi ya asilimia 10 ya mistari kubadilika. Kwenye jedwali la mistari 3,600,000, asilimia 10 ni mistari 360,000, yaani kazi ya mwaka mzima ya kliniki iliyotajwa juu. Kwa muda huo wote kipangaji kinaweza kuongozwa na habari za zamani. Dawa yake ni afisa wa teknolojia kuagiza takwimu zihesabiwe upya, hasa baada ya rekodi nyingi kuingizwa kwa mkupuo.

Kupima kabla ya kugusa

MySQL ina daftari la maswali yanayochelewa, lakini huja likiwa limezimwa. Hata likiwashwa, bila kurekebishwa hunasa tu maswali yanayozidi sekunde 10. Karani akisubiri sekunde 6 kwa kila mgonjwa kati ya wagonjwa 200, dakika 20 za kliniki zimepotea na daftari halina neno. Ndiyo maana kikomo hicho hushushwa, kwa mfano hadi sekunde 1 au 2.

Baada ya hapo afisa huiomba hifadhidata ieleze njia iliyochagua kwa swali husika. Hubadilisha mpangilio mmoja tu kwa wakati, nje ya saa za kliniki, akiwa na nakala salama ya rekodi. Huandika thamani ya zamani, thamani mpya na tarehe, kisha hulinganisha muda. Hali isipobadilika, hurudisha ya zamani. Akibadilisha mitano kwa pamoja hatajua ni upi uliosaidia na ni upi ulioharibu.

Daftari hilo linaweza kubeba majina ya wagonjwa yaliyotafutwa. Kwa hivyo hulindwa kama faili la mgonjwa, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti.

Kile ambacho mipangilio haigusi

Mipangilio hii hubadilisha muda wa kupata jibu, bali haibadilishi jibu. Chanjo ya mtoto ambayo haikuandikwa haitatokea kwa sababu seva imeongezewa kasi, na jina lililokosewa litabaki limekosewa. Makosa hayo husahihishwa kwenye dawati la rekodi, na sheria hiyo hiyo inampa mwananchi haki ya kuomba data yake isiyo sahihi irekebishwe.

Mkazi afanye nini

• Aje na kadi ya kliniki au kijitabu cha mama na mtoto. Kutafuta kwa nambari hupitia faharasa moja kwa moja. Kutafuta kwa kipande cha jina kilicho katikati kunaweza kuilazimu hifadhidata kusoma majina yote, na jina linaloandikwa Mukhwana hapa na Mukwana pale huongeza kazi.

• Ahakikishe jina na tarehe ya kuzaliwa vimeandikwa sawa kila anapohudumiwa, ili asifunguliwe faili la pili.

• Sistimu ikikawia, amweleze msimamizi wa kituo siku, saa, dirisha na muda aliosubiri. "Sistimu ni mbovu" haimwonyeshi afisa pa kuanzia. "Jumanne saa tatu asubuhi, dirisha la pili, dakika kumi" inamwezesha kufungua daftari na kulikuta swali lenyewe.