Kasa wa Kisiwa Panza: Onyo halitoshi, nani alipie ulinzi?

Machi 2024, watoto wanane na mama mmoja walifariki dunia Kisiwa Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitalini.

Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021, watu saba walifariki Pemba kwa sababu hiyohiyo, na ulaji wa kasa ukapigwa marufuku. Miaka mitatu haikutimia, msiba ukarudi.

Kwa nini nyama ya kasa inaua?

Inaaminika sumu hiyo inatokana na mwani wenye sumu ambao kasa anakula. Yeye haimdhuru, ila inabaki mwilini mwake. Huwezi kuiona, na hata uchemshe au ukaange vipi, haitoki. Haina dawa maalumu. Hospitali hutibu dalili tu. Watoto ndio wanaoumia zaidi, na mama aliyekula anaweza kumpitishia sumu mtoto anayenyonya.

Kwa hiyo kumwacha kasa baharini ni kumlinda pia mtoto wa nyumbani. Tatizo ni kwamba ulinzi unataka watu wa doria, boti, mafuta na elimu, mwaka hadi mwaka. Nani alipe?

Chumbe walifanyaje?

Jibu moja lipo Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar. Kampuni ya Chumbe Island Coral Park ilianzishwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1994, Serikali ya Zanzibar ikatangaza mwamba wa matumbawe wa kisiwa hicho kuwa hifadhi, na kampuni ikapewa kazi ya kuusimamia. Kuvua pale ni marufuku.

Hii siyo ile misaada ya kupiga picha na hundi kubwa, kisha watu wanaondoka. Kisiwa kina nyumba saba tu za wageni, na pesa wanazolipa ndizo zinazolipa walinzi na ziara za wanafunzi. Walinzi walitafutwa kati ya wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawabebi silaha, wanamweleza mvuvi mwenzao kwa nini eneo limefungwa. Mwaka 2000, mradi huo ulipata tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa.

Una udhaifu pia: unategemea watalii. Uviko-19 ulipozuia safari mwaka 2020, mapato hayo yalikatika.

Panza inapata somo gani?

Siyo lazima ijengwe hoteli. Ila kwa mvuvi, kasa mmoja ni kitoweo cha nyumba nyingi. Kampuni inayotaka kusaidia kweli ianzie hapo: iwaajiri wavuvi wenyewe kulinda, ipeleke elimu shuleni kila mwaka, na isaini mkataba wa miaka mingi, siyo wa msimu mmoja.

Wewe ufanye nini sasa?

Kasa akinasa kwenye nyavu, mwachie. Kama kuna mtu amekula na anatapika, ana vidonda mdomoni au analegea kwa usingizi, mwahishe hospitali. Waliokula naye chungu kimoja waende pia, hata kama bado wanajisikia wazima.